Picha Hupotea Jumapili

Mimi ni mtu wa kushuku watu, na siombi radhi. Jirani yangu pale Kianda akinisalimia kwa furaha kuliko kawaida, naanza kujiuliza anataka kuazima nini. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, alikuwa akinusa maziwa mbele ya muuzaji bila haya. Labda ndiyo maana nikaishia kwenye kazi ya kufunga kamera. Wanaume wa kazi hii walisema mwanamke hawezi kukaa juu ya mabati na drili mkononi. Miaka sita sasa nakaa, na aliyeanguka ni mmoja wao.

Hajja aliniita nyumbani kwake Makina mwaka juzi. Kila mtu mtaani humwita Hajja, nami nikamwita hivyo. Ni mama mtu mzima, mjane, wa wale Wanubi ambao babu zao walikuja na jeshi na wakakaa Kibera kabla ya sisi wengine kujua kuna mahali panaitwa Kibera. Alikuwa na ploti ya ghorofa tatu kule Kawangware, upande wa steji ya 56, vyumba vya kupangisha juu hadi chini. Wapangaji walikuwa wameibiwa mitungi miwili ya gesi, na pampu ya maji nayo ikang'olewa mchana kweupe. Hajja alitaka akae kwake Makina, ale gurusa yake, ule mkate mwembamba wa Kinubi, na chai, huku akiona kila mguu unaopita kwenye lango la Kawangware.

"Nimekutaka wewe kwa sababu ni mwanamke," aliniambia. "Mwanaume akipanda paa langu ataona uani kwangu, aone binti zangu wakisukana. Hiyo sitaki."

Nilimwambia jambo rahisi ni kuweka intaneti huko Kawangware, picha zifike kwenye simu yake. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Intaneti ya nani? Ya wale vijana wanaokatiana kebo kila wiki? Picha za lango langu zipite kwao kwanza, wajue nani yuko na nani ametoka? Ng'o!"

Haki, nilimpenda hapo hapo. Mimi ningesema vile vile.

Basi tukakubaliana tutatumia redio. Unaweka dishi dogo Makina, unaweka lingine Kawangware, unayaelekeza yatazamane uso kwa uso, na picha inasafiri hewani juu ya Ngong Road na miti ya Woodley bila kupita kwa mtu yeyote. Ni kama kilomita nne hivi. Sharti ni moja tu, nalo ni kwamba kusiwe na kitu katikati. Mashine ya kurekodi picha tuliiweka Makina, ndani ya kabati la Hajja, kwa sababu mwizi mwenye akili huanza na mashine ya kurekodi. Maana yake ni kwamba picha isipofika Makina, hairekodiwi popote. Hilo nilimweleza, akasema sawa, mradi kabati lina kufuli.

Upande wa Makina sikuwa na wasiwasi. Nilisimamisha bomba refu kando ya nyumba, nikalifunga kwa waya pande tatu, nikaweka dishi juu kabisa. Nani atapanda bomba ndani ya ua wa Hajja? Kawangware ndiko machale yaliponicheza.

Keateka, yaani mwangalizi wa ile ploti, alinipokea langoni. Alikuwa mwanaume mrefu wa makamo, mtu wa kutoka Magharibi mwa Kenya, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Alinibebea ngazi hadi juu. Akaishikilia nilipopanda. Nikageuka nikakuta ameniletea chai na kiti. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nikajiuliza, keateka mkarimu namna hii anaficha nini? Hajja mwenyewe alishanidokezea kwamba pampu haiwezi kung'olewa mchana na mtu wa langoni asisikie.

Juu kule ni paa la saruji, lenye tangi kubwa jeusi la maji na kamba za kuanika nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Ilikuwa Jumatano na kamba zilikuwa tupu. Sikutaka dishi lionekane barabarani. Kawangware ukining'iniza kitu cheupe kinachong'aa, jioni watu washajua bei yake. Kwa hiyo nilichagua kona ya chini, nyuma ya tangi, kimo cha kifua changu, nikalipaka dishi rangi ya kijivu lifanane na ukuta. Nilijiona mjanja kweli.

Yule keateka akasimama akaangalia, mikono nyuma.

"Madam," akasema, "si ungeiweka huko juu ya tangi? Hapo chini naona kama itazibwa."

"Itazibwa na nini?"

"Sijui. Ni kusema tu."

Ni kusema tu! Nikamwangalia kwa jicho la pembeni. Huyu anataka dishi liwe mahali wenzake wataliona. Hivyo ndivyo nilivyowaza, naandika kama ilivyokuwa. Nikamwambia kila mtu na kazi yake, akacheka kidogo, akashuka.

Stima ya redio ilibidi itoke kwenye chumba chake, kwa sababu soketi za ngazini zilikuwa zimekufa zamani. Nikapitisha kebo dirishani, nikaweka na betri ndogo ya kusaidia dakika chache stima ikipotea, nikamwonyesha plagi. "Hii usiguse," nikasema. Akaitikia kwamba hataigusa. Mke wake sikumwona siku hiyo wala siku nyingine. Nilikuwa naenda siku za kazi, na siku za kazi, keateka aliniambia, mke wake alikuwa Lavington kwenye nyumba za watu.

Kuyaelekeza madishi ndiyo raha ya kazi hii. Hajja alikaa mbele ya skrini Makina, miwani puani, simu sikioni, mimi nikawa nasogeza dishi Kawangware kidogo kidogo kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani.

"Unaona nini, Hajja?"

"Mchanga mtupu."

"Sasa?"

"Mchanga. Ngoja. Naona kitu. Lango! Naona lango langu! Usishike tena. Wee fundi, nimesema usishike!"

Nikakaza nati nikashuka. Wapangaji walikuwa wamejazana ngazini. Mmoja akauliza kama hiyo kitu inaona kupitia nguo. Mwingine akasema ni ya serikali, ploti inapimwa ibomolewe. Mama mmoja akamfunika mtoto wake kichwa kwa leso. Nikawaambia ni kamera ya langoni, wakasema "aah", ile aah ya kutosadiki hata kidogo.

Siku tatu mambo yalikuwa safi. Jumapili, karibu saa nne asubuhi, Hajja akanipigia.

"Picha imepotea."

Nilimwambia angoje. Saa nane mchana ikarudi yenyewe. Nikasema labda ni stima. Jumapili iliyofuata ikapotea tena, saa nne, ikarudi mchana. Ya tatu vile vile. Jumatatu hadi Jumamosi picha ilikuwa safi kiasi cha Hajja kuhesabu vifaranga wa jirani. Nilienda Kawangware Jumatatu mbili, nikapanda juu, nikakagua nati, kebo, betri. Hapakuwa na kasoro. Keateka alinishikia ngazi kama kawaida.

"Jumapili huwa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakaa langoni tu, madam. Watu wengi huwa kanisani."

Aka. Watu wako kanisani, ploti imebaki tupu, na siku hiyo hiyo ndiyo picha inapotea. Nani angekosa kujumlisha? Niliporudi Makina nilimwambia Hajja ninavyoshuku. Hakushtuka. Alikuwa ameshajumlisha kabla yangu.

Kisha ikafika Jumapili ya TV. Mpangaji wa ghorofa ya pili alirudi kutoka kanisani akakuta mlango umeng'olewa bawaba na TV haipo. Hajja alifungua kabati, akarudisha rekodi nyuma, akakuta kiza kuanzia saa nne hadi saa nane.

Jumatatu asubuhi alikuja Kawangware mwenyewe, na buibui lake jeusi na mkoba wake mkononi. Alinitaka niwepo. Wapangaji ambao hawakuwa kazini walisimama kwenye veranda za juu wakiangalia chini. Keateka alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, nadhani alijua anaitiwa nini.

"Ulizima kamera?" Hajja akauliza.

"Hapana, Hajja. Sijagusa."

Hajja akanigeukia mimi. "Fundi. Wewe ndiye unayejua. Hii kitu inaweza kuzimika yenyewe, Jumapili tu, saa hizo hizo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na mwanamke fundi akisema hajui, kesho hapati kazi. Na kusema kweli, niliamini. Niliamini kwa moyo wangu wote.

"Haiwezi," nikasema. "Kuna mtu anachomoa plagi, na plagi iko chumbani kwake."

Yule mwanaume alinitazama kidogo. Hakubisha na mimi, wala hakumwapia Hajja. Aliuliza tu kama anaweza kungoja hadi mke wake atoke kazini, wafungashe pamoja. Hajja akasema hapana, chumba kinatakiwa saa sita. Kazi yake na chumba chake vilikuwa kitu kimoja, unajua jinsi ilivyo kwa makeateka, kimoja kikienda na kingine kinaenda. Nilimwona akikunja godoro peke yake na kulifunga kwa kamba. Kwenye veranda mtu akasema "mwizi", si kwa nguvu, lakini sote tulisikia. Nilipanda boda boda nikaenda zangu, na usiku huo nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka.

Keateka mpya alikuwa mpwa wa Hajja mwenyewe, mtu mzima, mtu wa swala tano. Huyo hakuna ambaye angemshuku. Jumapili yake ya kwanza, saa nne na nusu, simu ikalia.

"Imepotea," Hajja akasema. "Hata huyu? Damu yangu?"

Nilimwambia asimwambie mtu kitu. Jumapili iliyofuata nilikwenda bila kuaga, nimefunga leso kichwani kama mtu wa kanisani, ili nimkute mkono uko kwenye plagi. Nilimkuta mpwa langoni, ameketi kwenye kreti ya soda, anasikiliza mpira kwenye simu. Nikapita hadi dirisha la chumba chake. Plagi ilikuwa mahali pake, taa yake ya kijani inawaka.

Nikapanda juu. Nilipofungua ule mlango wa bati nilikutana na ukuta wa blanketi.

Haki ya Mungu. Zilikuwa kama kumi na mbili, zile nzito za maua na simba, zimeanikwa kamba hadi kamba, zinachuruzika maji hadi sakafu yote ilikuwa dimbwi. Mbili kati yake zilining'inia mbele kabisa ya ile kona yangu ya ujanja, zimelifunika dishi kama pazia. Nusu ya wapangaji wa ile ploti ni watu wa Sabato. Jumamosi hawagusi beseni. Kwa hiyo kufua vitu vizito ni Jumapili asubuhi, na kufikia saa nane jua limekausha. Mimi hufua Jumamosi kama watu wengi ninaowajua, na wazo hilo halikuwahi kunipitia. Kwenye nguo kavu mawimbi ya redio yanapita. Kwenye maji hayapiti. Hilo nililijua tangu chuoni, lilikuwa kwenye daftari langu.

Nikampigia Hajja. "Unaona nini?"

"Kiza."

Nikainua blanketi mbili kwa bega. "Sasa?"

"Lango. Namwona mpwa wangu na simu yake."

Nikaziachia. "Sasa?"

"Kiza tena. Fundi, unafanya nini huko?"

Nilifungua ukurasa wa redio kwenye simu yangu. Kila redio huhesabu muda iliokaa macho tangu iwashwe, na ukichomoa plagi betri ikaisha, hesabu inaanza upya. Ile ya Kawangware ilikuwa imehesabu siku zote, tangu ile Jumatano ya kwanza. Haikuwahi kuzimwa hata mara moja. Ni jambo la kuangalia kwa dakika moja. Sikuangalia, kwa sababu mtu huangalia akiwa na swali, na mimi sikuwa na swali. Nilikumbuka yule mwanaume amesimama hapo mikono nyuma, akiniambia niweke juu ya tangi. Nilitamani ardhi inimeze, na nilikuwa juu ya ghorofa ya tatu.

"Kwani blanketi zimefanya nini?"

Mwanamke alikuwa ametokea nyuma ya tangi na beseni la plastiki kichwani, mikono imejaa povu. Nikamweleza, nikiwa bado nimeshangaa, kwamba zinaziba kamera ya mwenye ploti kila Jumapili. Akaliweka beseni chini polepole.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Mimi ndiye hufua hizi," akasema. "Watu wa hapa wananipa kazi, hata baada ya sisi kuhama. Bwana yangu ndiye alikuwa keateka."

Hajja alikuwa bado hewani, amesikia yote, na sauti yake ikatoka kwenye simu mkononi mwangu: "Fundi. Basi blanketi ndiyo imeziba picha. Lakini blanketi haikubeba TV."

"Hajja, hatuna kitu kingine juu ya huyo mtu. Tulikuwa na kiza tu."

"Nina moyo wangu. Moyo wangu haukumtaka tangu pampu. Na chumba kishapata mtu. Wewe pandisha dishi juu uache maneno."

Akakata. Nilikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu nani alimpa huo moyo nguvu? TV hadi leo haijulikani ilikochukuliwa. Dishi sikulipandisha siku hiyo. Nilimwomba yule mama anipeleke kwake nikamwambie mumewe mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Walikuwa wamehamia kijiji cha Raila, huko huko Kibera, chumba kimoja cha mabati, mlango unatazama mlango wa mwingine. Yule mwanaume alikuwa amerudi kutoka mjengo, kwenye vibarua vya ujenzi, asubuhi hiyo, kazi imekosekana, akawa ameketi kitandani anashona kiatu. Aliponiona alisimama. Alinipa kiti, kile kimoja walichokuwa nacho. Adabu ile ile. Safari hii haikunitia shaka, ilinitia aibu.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na mawimbi na maji, nikarudi kwenye blanketi, nikasema redio haikuzimwa hata siku moja, nikasema pole. Alikuwa ananisikiliza kichwa kimeinama, uzi bado uko mkononi.

Mke wake hakuweza kungoja nimalize. Alikuwa amesimama mlangoni, anaitazama mikono yake iliyokunjamana kwa sabuni.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Ni mimi nimekufukuzisha kazi. Kila Jumapili ninaanika, na wewe unakaa hapo chini unalaumiwa. Woiye, ni mimi."

"Hapana," mumewe akamwambia. "Wewe ulikuwa unafua nguo za watu. Aliyesema ni mimi niliyezima ni huyu."

Hakupandisha sauti. Hakunielekezea hata kidole, aliinua tu kidevu upande wangu, kama unavyomwonyesha mtu mahali sufuria ilipo. Nikamwambia nitarudi Kawangware niwaambie wapangaji wote, mmoja mmoja, ukweli ulivyo. Akauliza kama Hajja amesema arudi kazini. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akakaa tena kitandani, akakichukua kiatu chake.

"Basi nenda kawaambie," akasema. "Na ukitoka, madam, nakuomba ufunge huo mlango."